Uzi: Homa ya mgonjwa anayelishwa kwa mshipa, na hatari iliyopo kwa moyo wake

Mleta uzi, Malindi

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Lamu, na nimefanya kazi miaka mingi katika wodi za upasuaji kabla ya kuhamia hapa Malindi. Nafungua uzi huu kwa sababu nimeulizwa mara mbili tatu, na watu wa huku na wa kwetu Lamu, kuhusu jamaa zao waliorudi kutoka matibabuni nchi za nje wakiwa na mpira, yaani mrija laini ulioingizwa mshipani, uliotokeza kifuani au mkononi, ambao kila usiku hufungiwa mfuko wa chakula cheupe kama maziwa. Wanaouliza huwa na wasiwasi na mfuko: bei yake, mahali pa kuupata, namna ya kuuhifadhi katika joto letu. Wasiwasi wangu uko kwenye mpira, na hasa kwenye homa inayoingia kwa njia ya mpira huo, kwa kuwa homa hiyo huku kwetu huitwa malaria hata kabla mgonjwa hajatobolewa kidole, na siku tunazozipoteza kwa dawa za malaria ndizo siku ambazo vijidudu hutafuta makao kwenye moyo.

Kwanza tuelewane kuhusu lishe yenyewe. Mtu ambaye sehemu kubwa ya utumbo wake imekatwa baada ya utumbo huo kujisokota na kuoza, au ambaye utumbo wake umeharibiwa na ugonjwa wa Crohn, unaoufanya utumbo uvimbe na kupata vidonda, au na mionzi ya kutibu saratani, anaweza kufika mahali uji na supu vikampita bila mwili kufyonza chochote. Mtu huyo hulishwa kupitia damu: sukari, protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, mafuta, chumvi, vitamini na madini. Njia hii ilipata mafanikio katika miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, ambako Stanley Dudrick na wenzake walikuza watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipani peke yake, na mwaka 1968 yeye na Douglas Wilmore wakachapisha habari za mtoto mchanga aliyekua kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya hapo, aliyekosa utumbo alififia kidogo kidogo mbele ya macho ya watu wake. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba naikataa lishe hii au nawatisha wanaoitumia. Imewarudisha watu wengi majumbani mwao.

Lakini lishe hii ina sukari nyingi, na ikipitishwa kwa siku nyingi katika mshipa mdogo wa mkono, mshipa huvimba, huuma na kuziba. Ndiyo maana hupelekwa kwenye mshipa mkubwa unaorudisha moyoni damu ya kichwa na mikono, ambako damu nyingi inayopita huizimua papo hapo. Ncha ya mpira hukaa pale ambapo mshipa huo unaingia katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Naomba jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu mengine yote yanalitegemea: mwisho mmoja wa mpira unashikwa na vidole vyetu, na mwisho wa pili uko mlangoni mwa moyo, na kati ya sehemu hizo mbili kinga zote ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka, kuanzia ngozi hadi asidi ya tumbo, zimerukwa. Kilichobaki kuwa kinga ni kifuniko kidogo kinachofunguliwa jioni na kufungwa asubuhi.

Vijidudu vina njia mbili. Vinaweza kutambaa kwa nje, kutoka kwenye ngozi pale mpira unapoingilia, na vinaweza kuingia kwa ndani, kupitia mdomo wa mpira unapofunguliwa. Mipira ya muda mrefu, kama ule uliobuniwa Seattle na Broviac na wenzake mwaka 1973, na ule wa Hickman uliofuata mwaka 1979, hupitishwa kwanza chini ya ngozi kama handaki na ina kipande cha kitambaa ambacho nyama huota ndani yake na kuziba njia ya nje. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa miezi na miaka, njia kubwa inayobaki ni ile ya ndani, yaani mikono ya anayeufungua. Vijidudu vikishaingia hujitandaza ndani ya mpira na kujifunika kwa ute, na humo dawa ya kawaida hupita juu yao bila kuwamaliza. Kisha kila jioni mfuko unapoanza kutiririka, maji yake huvikokota na kuvimwaga kwenye damu.

Moyo nao una sababu zake za kuvipokea. Ncha ya mpira ikigusagusa ukuta wa ndani wa moyo au vali, yaani vilango vya ndani ya moyo, hukwangua utando wake laini, na pale palipokwanguka huganda utando wa damu, mdogo kuliko punje ya mchele. Bakteria wapitao hunasa hapo. Huzaliana, hufunikwa na damu nyingine inayoganda, hukua, na ndipo madaktari huona kwenye kipimo kitu kinachoning'inia kwenye vali na kupeperuka kila moyo unapopiga. Hiyo ndiyo endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake.

Nitasimulia kisa kimoja bila kutaja hospitali. Tulikuwa na mama wa makamo aliyekuwa amelishwa kwa mpira wa kifuani kwa muda wa miezi minne. Jioni moja nilimfungulia mfuko saa moja, na baada ya kama dakika arubaini aliniita na kuomba blanketi. Ulikuwa mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umelala, joto la kutoa jasho hata chini ya pangaboi. Nilimkuta meno yanagongana, kitanda kinatikisika, na kucha zake zimegeuka rangi ya zambarau. Asubuhi mfuko ulipokwisha alikuwa ameketi ananiomba kitana achane nywele. Kipimo cha malaria kilionyesha hana, na bado tuliandika malaria na dawa akapewa. Usiku wa pili ikawa vivyo hivyo, kwa saa ile ile. Usiku wa nne nilitambua kwamba homa yake inafuata saa ya mfuko, nikaandika katika daftari la zamu, lakini sikumwamsha daktari. Siku ya tisa alianza kukohoa na kuchomwa mbavuni, na picha ya eksirei ikaonyesha mabaka ya duara katika mapafu yote mawili. Vilikuwa vipande vilivyomeguka kwenye vali ya moyo na kusukumwa na damu hadi mapafuni. Alifariki katika juma la tatu. Ukurasa ule wenye mwandiko wangu ninauona mpaka leo, na ndio ulionifanya niketi niandike haya.

Kwa hiyo neno langu ni hili: mtu mwenye mpira wa mshipa mkubwa akipata homa, na hasa homa ya kutetemeka inayokuja muda mfupi baada ya mfuko kufunguliwa, homa hiyo ihesabiwe kuwa ni ya mpira mpaka ithibitike vinginevyo, na damu yake ichukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara ili vijidudu vilivyomo vikue na kutambuliwa, kabla ya dawa yoyote ya bakteria kuingia mwilini. Malaria ipimwe, kwa kuwa tunaishi Pwani na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini jibu la malaria lisiifunge kesi.

Mchangiaji, Langoni, Lamu

Waalaikum salaam, dada. Nimeusoma uzi wako mikono ikinitetemeka. Baba yetu alikatwa utumbo mwaka huu baada ya utumbo huo kujisokota, akapelekwa India, na amerudi na mpira kifuani akisubiri kufanyiwa upasuaji wa kuunganishwa. Usiku wa juzi na wa jana alitetemeka kama unavyoeleza, kiasi cha saa moja baada ya mama kumfungulia mfuko, na asubuhi akaamka mzima, akaswali, akaomba gazeti. Jirani yetu ametuletea dawa za malaria, na kuna vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Bado hatujampa kitu. Je, tumfungulie mfuko leo jioni?

Mleta uzi, Malindi

Mwanangu, msimfungulie. Msiutumie mpira huo kwa jambo lolote, wala msiusukume kwa maji ya chumvi ili kuusafisha, kwa sababu kuusukuma ni kuyapeleka yaliyomo ndani moja kwa moja kwenye damu. Vile vidonge vya antibiotiki viwekeni kando kabisa, kwa kuwa vidonge viwili tu vinaweza kuvidhoofisha vijidudu visiote maabara, na vikabaki hai ndani ya mwili. Mpelekeni hospitali leo hii kabla ya magharibi, na kama mtaambiwa avuke, mvuke mapema mkiwa bado mna mwanga na boti za kwenda Mokowe, upande wa bara, zipo, badala ya kungoja atetemeke usiku wa tatu mtafute nahodha wa kumgongea mlango. Bebeni ile barua ya India inayotaja aina ya mpira na tarehe aliyowekewa, na bebeni mfuko mmoja pamoja na karatasi yake.

Mwelezeni daktari maneno haya haya: "Ana mpira wa mshipa mkubwa, homa inakuja saa moja baada ya mfuko kufunguliwa, tunaomba damu yake ioteshwe kabla ya dawa." Semeni kwa adabu, lakini semeni. Mwombeni pia apimwe sukari, kwa sababu mtu aliyezoea kulishwa sukari nyingi usiku kucha akikatiziwa ghafla anaweza kushuka, na hospitali itamtundikia dripu ya sukari kwenye mkono akiihitaji. Njiani muulizeni kama anapumua kwa shida, kama ana kikohozi au maumivu ya mgongo, na mtazame kama maneno yake yako sawasawa.

Mtaalamu wa maabara, Malindi

Naomba nichangie upande wangu, maana kuotesha damu ni kazi ambayo watu huiharibu kwa haraka. Damu isichukuliwe mara moja mahali pamoja. Ichukuliwe kwenye mpira wenyewe, na wakati huo huo kwenye mshipa wa mkono, na mtu mzima atoe mililita nane hadi kumi kwa kila chupa. Damu kidogo hutoa jibu la uongo kwamba hakuna kitu. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, yenye spiriti, kisha iachwe ikauke yenyewe. Kizibo cha chupa nacho kipanguswe kwa spiriti, jambo ambalo wengi hulisahau. Kila chupa iandikwe mahali damu ilipotoka na saa iliyotoka.

Sababu ya kusisitiza saa ni hii: katika mashine, ikiwa chupa ya damu iliyotoka kwenye mpira imeotesha saa mbili au zaidi kabla ya chupa ya damu ya mkono, na vijidudu ni vile vile, tunajua kwamba chanzo ni mpira. Jambo hilo linamsaidia daktari kuamua kama mpira utolewe, na uamuzi huo si mwepesi kwa mgonjwa ambaye mishipa yake mikubwa inahesabika.

Mchangiaji, Mambrui

Mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati ndogo. Nayaheshimu maelezo haya, lakini naona yanamfaa mtu aliye karibu na hospitali kubwa. Mimi sina chupa za kuotesha damu. Mgonjwa akinijia ana homa ya nyuzi 39, shinikizo la damu linashuka na ameanza kuweweseka, nimnyime sindano kwa ajili ya kulinda kipimo? Nikifanya hivyo naweza kumzika.

Mleta uzi, Malindi

Ndugu yangu wa Mambrui, umenisahihisha mahali palipohitaji kusahihishwa, nami nakushukuru. Mgonjwa ambaye shinikizo lake linashuka, anayepumua kwa kasi, aliyeacha kukojoa au anayechanganyikiwa, dawa isimsubiri hata kidogo. Mpe sindano uliyo nayo, mpe maji, umpeleke. Ninachokipinga ni ile homa ya jioni kwa mtu ambaye mchana anatembea na kuzungumza, anayepewa vidonge leo, vingine kesho kutwa, na sindano wiki ijayo, bila mtu kuuliza homa imetoka wapi. Kwa huyo ipo nafasi ya kuchukua damu, na kazi hiyo haizidi robo saa hospitali zenye chupa. Ukilazimika kuanza dawa kabla, andika katika barua jina la dawa, kiasi na saa, ili anayempokea asije akaliamini jibu la "hakuna kitu" ambalo limeletwa na dawa yako mwenyewe.

Mchangiaji, Shela

Shukrani kwa uzi huu. Mke wangu hulishwa kwa mpira wa mkononi, ule unaoingia juu ya kiwiko. Nina maswali ya nyumbani: udhu, bahari, na Ramadhani. Pia, ni usafi upi hasa unaozuia haya yote? Sisi tunaosha mikono, tunavaa glavu, lakini sijui kama inatosha.

Mleta uzi, Malindi

Shemeji, nianze na usafi kwa kuwa ndio wenye uzito. Pale Michigan, Marekani, Peter Pronovost na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya vyumba vya wagonjwa mahututi ambavyo vilifuata mambo matano tu: kuosha mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuweka mpira, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mpira usiohitajika. Maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Wale walikuwa wagonjwa wa hospitali na mipira ya siku chache, lakini nyumbani jambo ni lile lile, isipokuwa uzito wake unahamia kwenye ule mdomo wa mpira.

Nitakueleza namna alivyofanya bibi mmoja niliyemfundisha, kwa sababu sijaona aliyemshinda. Alikuwa anamhudumia mwanawe. Kwanza alizima pangaboi na kufunga dirisha, ili vumbi lisiruke. Paka walitolewa nje na mlango ukarudishwa, na nyinyi wa Lamu mnajua kwamba hiyo ni kazi peke yake. Meza aliipangusa kwa spiriti. Aliosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, mtoto akimmiminia kwa kata, akajipangusa kwa karatasi safi, wala hakugusa leso aliyojifunga. Kisha alikishika kichwa cha mpira kwa kitambaa chenye spiriti na klorheksidini, akakisugua kwa kukizungusha kama mtu anayekamua chungwa, huku akiisoma Suratul Ikhlas mara mbili bila haraka. Hizo zinapita sekunde 15 zinazotakiwa. Kisha alingoja kikauke. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wetu hushindwa, kwa sababu dawa inaua vijidudu inapokauka, nasi tunaunganisha kingali majimaji. Mwanawe alikaa na mpira ule bila maambukizi kwa muda wote nilioendelea kumwona.

Glavu ni nzuri, lakini glavu iliyoshika kitasa cha mlango ni chafu kama mkono ulioshika kitasa. Mrija wa lishe yenye mafuta ubadilishwe kila saa 24. Mpira wa lishe usitumiwe kutolea damu ya vipimo vya kila siku wala kupitishia dawa nyingine ikiwa kuna njia mbadala, kwa kuwa kila ufunguzi ni nafasi ya vijidudu. Ulizeni kuhusu taurolidini, dawa inayojazwa ndani ya mpira baada ya mfuko kumalizika na kukaa humo mpaka jioni. Inawasaidia sana wale waliokwisha kupata maambukizi zaidi ya mara moja. Bandeji iliyolegea kwa jasho ibadilishwe siku hiyo hiyo, isisubiri siku yake.

Mifuko yenye vyumba vitatu, ambayo hukandamizwa ili sukari, protini na mafuta vichanganyike, mingi imeandikwa isihifadhiwe juu ya nyuzi 25, na vyumba vyetu wakati wa kaskazi vinapita hapo. Itafutieni chumba chenye ubaridi. Mfuko uliochanganywa na kukaa nje ya friji umeme ulipopotea, au ulioonyesha mafuta ya njano yakijitenga juu, umwageni hata kama roho inauma kwa bei yake.

Bahari, hapana. Maji ya bahari na ya kisima yasifike kwenye mpira kabisa. Kuhusu udhu, mpira wa mkononi hukaa juu ya kiwiko, kwa hiyo mkono unaweza kuoshwa hadi kiwikoni huku bandeji imefunikwa kwa plastiki. Kwa josho, sheria inajua kupangusa juu ya bandeji ya jeraha, na shekhe wenu atawapa utaratibu. Kuhusu Ramadhani, lishe ya mshipani ni chakula, nalo ni suala la kumuuliza shekhe pamoja na daktari. Nakuombeni tu msipunguze mifuko kwa uamuzi wenu wenyewe.

Mchangiaji, Malindi mjini

Umesema moyo upande wa kulia. Lakini shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuwekewa mpira, alipata ugonjwa huu upande wa kushoto na akapooza. Inakuwaje? Na kama vijidudu vimekwisha kufika huko, kuna kupona?

Mleta uzi, Malindi

Pole sana kwa shangazi. Upande wa kulia unapeleka damu mapafuni, kwa hiyo vipande vinavyomeguka huko huleta kikohozi, kuchomwa kifuani na homa, na ndiyo maana watu hudhani ni nimonia. Upande wa kushoto unapeleka damu mwili mzima, na kipande kikienda kwenye ubongo mtu hupooza; kikienda kwenye figo au bandama, huko nako huharibu. Mpira huuelekea zaidi upande wa kulia, lakini bakteria wakishakuwa ndani ya damu huzunguka kote, na stafilokokasi ya dhahabu, bakteria mmojawapo mkali, inaweza kushika hata vali ya kushoto isiyo na kasoro. Kwetu lipo jambo lingine la kuongeza: watu wengi Afrika Mashariki wana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo lisilotibiwa, na wengine hawajui kabisa kwamba wanazo. Kwa hiyo mtu yeyote anayetarajiwa kulishwa kwa mpira muda mrefu, aliyewahi kuambiwa moyo wake una mlio, amwambie daktari kabla ya mpira kuwekwa.

Kuhusu kupona: ndiyo, wapo wanaopona, na niseme pia kwamba endokaditisi ni chache ukilinganisha na maambukizi ya damu yenyewe. Lakini tiba yake ni ndefu. Antibiotiki hupitishwa mshipani kwa majuma manne hadi sita, si vidonge vya siku saba. Mpira hutolewa, ikiwa ni stafilokokasi ya dhahabu au kuvu aina ya Kandida, hakuna kubembelezana nao. Yale mastafilokokasi mepesi ya ngozi pengine hutibiwa mpira ukiwa mahali pake, dawa kali ikijazwa ndani yake, ili kuuokoa mshipa. Kandida ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa ikishika vali mara nyingi dawa peke yake haitoshi na mgonjwa huhitaji upasuaji wa moyo, kisha hubaki na dawa ya kuvu kwa muda mrefu sana. Huipata hasa aliyekwisha kutumia antibiotiki nyingi, na hii ni sababu nyingine ya kutozitumia ovyo.

Mchangiaji, Langoni, Lamu

Dada, nimerudi. Tulivuka siku ile ile uliyotuandikia, na damu ilichukuliwa kabla ya dawa. Imeotesha stafilokokasi ya dhahabu, chupa zote mbili, ya mpira ikitangulia. Sasa tuko Mombasa. Mpira umetolewa, anapata sindano, na homa imekatika tangu juzi. Wamempima moyo kwa kile kipimo cha juu ya kifua na wamesema hawakuona kitu. Sasa daktari anataka kumpima tena kwa kupitisha chombo kooni. Baba amechoka, anasema ameambiwa yuko safi, kwa nini ateswe? Mama naye amekubaliana naye. Tufanye nini?

Mleta uzi, Malindi

Alhamdulillahi kwa hatua mliyofika. Msikatae kipimo hicho. Kile cha juu ya kifua kinaangalia kupitia mbavu na mapafu yenye hewa, na kidonge cha vijidudu vilivyojikusanya kwenye vali, chenye ukubwa wa milimita chache, kinaweza kujificha. Chombo cha kooni hufika nyuma ya moyo kabisa, ambako hakuna mapafu katikati, na huona kilichopitwa. Kwa stafilokokasi ya dhahabu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama baba atatibiwa kwa majuma machache au kwa sita, na aliyetibiwa pungufu homa humrudia akiwa nyumbani Langoni, mbali na hao wanaomhudumia sasa.

Ulizeni mambo mawili kwa upole. La kwanza, kama damu imeoteshwa tena baada ya mpira kutolewa, kwa sababu hesabu ya siku za dawa huanza siku damu inapokuwa safi, na damu inayoendelea kuotesha baada ya siku tatu za dawa huwafanya madaktari waushuku moyo zaidi. La pili, mpira mpya utawekwa lini. Ni vizuri zaidi ungoje damu iwe safi, na katika siku hizo wanaweza kumlisha lishe nyepesi kupitia mshipa wa mkono.

Baba mwambie kwamba atapewa dawa ya kumtuliza na ya kutia ganzi kooni, na kipimo chenyewe hakichukui muda mrefu. Asile wala asinywe kwa saa sita kabla yake, na baada ya kipimo asipewe hata maji mpaka ganzi imtoke, yasije yakampalia. Kama ana meno ya bandia ayatoe, na kama aliwahi kupata shida ya kumeza au kutapika damu, amwambie daktari mapema. Mkishapata majibu niandikie, hata kama ni usiku.